BONASI YA KUHAMA BENKI: NI ZAWADI AU NI RIBA?



Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwendo wake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, kwa muda sasa nimekuwa nikiletewa swali moja na ndugu zetu walioko Uingereza. Wengine ni watu wa Unguja na Pemba, wengine Mombasa na Lamu, wengine ndugu zetu wa Barawa. Swali ni hili: "Shekhe, benki za huku zinatoa pesa kwa mtu anayehama kutoka benki nyingine. Ukihama unapewa pauni 150, mara nyingine 175, mara nyingine 200. Mwaka mmoja mtu anaweza kuhama mara mbili tatu. Je, pesa hizo ni halali?"

Mwanzoni nilijibu mmoja mmoja kwa faragha. Sasa maswali yamekuwa mengi, na nimeona watu wanafundishana kama mchezo, wanatumiana orodha ya benki gani inatoa kiasi gani mwezi huu. Kwa hiyo nimeona niandike kwa urefu. Niliwaomba waulizaji wanitumie masharti yenyewe, nikayasoma taratibu kwa Kiingereza changu cha sekondari, maana mtu hawezi kutoa hukumu ya jambo ambalo hajalijua sura yake. Someni mpaka mwisho kabla ya kuandika chochote chini. Maneno ya nusu ndiyo yanayoleta fitina.

KWANZA: JAMBO LENYEWE LIKOJE

Tangu Septemba 2013 Uingereza wana utaratibu rasmi wa kuhama benki. Zamani kuhama kulikuwa usumbufu: mshahara unapotea njiani, bili hazilipwi, mtu anaona bora abaki alipo. Siku hizi unaomba katika benki mpya tu, na wao wanafanya kazi yote. Ndani ya siku saba za kazi salio lako linahamishwa, malipo yote ya kila mwezi yanahamishwa, akaunti ya zamani inafungwa, na pesa itakayotumwa kwenye namba ya zamani inaelekezwa kwenye mpya kwa miaka mitatu.

Kuhama kulipokuwa rahisi, benki zikaanza kugombania wateja. Ndipo zikaja bonasi. Masharti yanatofautiana, lakini mengi yanafanana: hamia kwetu na ufunge akaunti ya zamani, ingiza kiasi fulani, mara nyingi pauni 1,000 au 1,500, ndani ya siku kadhaa, hamisha angalau bili mbili zinazokatwa moja kwa moja kwenye akaunti, kama umeme na maji, na usiwe umewahi kuchukua bonasi kwetu huko nyuma. Ukitimiza yote, wanakuingizia pesa.

Kuhama benki kwenyewe si dhambi. Mtu akihama kwa sababu benki yake inamkata ada za ovyo, au haina tawi karibu, au anataka kutoka kwenye akaunti yenye riba kwenda isiyo na riba, huyo amefanya jambo la busara, na huyo wa mwisho amefanya jambo la kheri kabisa. Swali letu ni ile pesa unayopewa kwa kuhama.

PILI: PESA YAKO BENKI NI AMANA AU NI MKOPO?

Hapa ndipo fundo lilipo. Ukilifungua hili, mengine yote yanafunguka.

Sisi kwa Kiswahili tunasema "nimeweka pesa benki", na neno kuweka linatufanya tuone kama amana. Lakini amana katika sheria yetu ina sifa zake. Nikikuachia sanduku langu ulitunze, huruhusiwi kulifungua na kutumia kilichomo. Utanirudishia kilekile nilichokuachia. Na likiibiwa bila uzembe wako, hulilipi.

Sasa tazama benki. Pesa yako ikiingia, benki inaichanganya na za watu wengine na kuitumia. Inamkopesha mwenye kununua nyumba, inamkopesha mfanyabiashara. Ukienda kuitaka hawakupi noti zako, wanakupa nyingine za thamani ileile. Na wakipata hasara, bado wanadaiwa kukulipa. Jambo ambalo mtu analitumia kisha anadaiwa kurudisha mfano wake, hilo jina lake ni mkopo, hata likiitwa akiba, amana au jina lolote lile.

Hili si la kwangu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, lilikaa Abu Dhabi mwaka 1995 likapitisha kwamba pesa zilizomo kwenye akaunti za aina hii ni mkopo ambao mteja ameipa benki, iwe benki ya Kiislamu au ya kawaida.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeko London au Leicester, wewe uliyezoea kujiona mnyonge mbele ya benki, katika akaunti hii wewe ndiye mkopeshaji. Benki ndiyo mdaiwa wako.

TATU: MDAIWA AKIMPA MKOPESHAJI KITU

Katika Suratul Baqara, aya ya 275, Allah ametenga biashara na riba, moja akaihalalisha na nyingine akaiharamisha, na akawakemea waliosema kwamba mambo haya mawili ni sawasawa. Aya chache mbele, ya 279, akaweka mpaka: mwenye kukopesha haki yake ni rasilimali yake, bila kudhulumu wala kudhulumiwa. Kutokana na mafunzo hayo wanazuoni wakakubaliana kwamba mkopo wowote ukishartiwa ndani yake manufaa kwa mkopeshaji, manufaa hayo ni riba. Wala hawakusema lazima yawe asilimia, au lazima yawe mengi.

Mtu ataniambia: "Shekhe, mbona Mtume mwenyewe alilipa deni kwa ziada?" Kweli. Imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Abu Rafi' (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikopa ngamia mdogo. Wakati wa kulipa hakupatikana wa umri ule, alipatikana aliye bora zaidi, akaamuru apewe huyo, na akafundisha kwamba watu wema ni wale wanaolipa vizuri. Lakini zingatieni: yule mkopeshaji hakuahidiwa kitu. Hakuna aliyemwambia, "Nikopeshe leo, nami nitakurudishia ngamia mkubwa." Ziada ilikuja mwishoni, kwa ukarimu wa mlipaji, bila sharti. Sasa weka kando yake tangazo la benki lililoandikwa kwa herufi kubwa: njoo kwetu, ingiza pauni 1,500, tukupe 175. Hapa ahadi imetangulia, na mtu amekuja kwa ajili yake.

Ipo pia athari iliyopokewa na Imam Bukhari, nami naona kama inawahusu hasa ndugu zetu wa Ulaya. Abu Burda alipofika Madina alikutana na Abdullah bin Salam (r.a.), naye akamzindua kwamba anaishi katika nchi ambayo riba imeenea, basi mtu anayemdai akimletea zawadi, hata mzigo wa majani makavu au shayiri au chakula cha mifugo, asipokee, kwa kuwa hiyo ni riba. Tafakari: majani ya mnyama! Kwa nini sahaba akawa mkali kiasi hicho? Kwa sababu mahali ambapo riba imezoeleka, watu huivalisha nguo ya zawadi, na macho yakizoea hayashtuki tena.

Na kuna kipimo kimoja cha Mtume (s.a.w.) ambacho nataka mkikariri. Alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi akagawa mafungu mawili: hizi zenu, na hizi mimi nimezawadiwa. Mtume akakasirika, akapanda mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake tuone kama zawadi hizo zingemfuata huko. Hadithi hii ni ya Bukhari na Muslim. Inahusu watumishi wa umma, lakini swali lililomo linapima zawadi nyingi: je, ningekuwa sina kitu wanachokitaka, wangenipa?

Iulize bonasi yako swali hilo. Ungekaa nyumbani bila kuwapelekea mshahara wako, wangekuingizia pauni 175? Na kwa nini wanautaka mshahara wako? Kwa sababu pesa inayokaa kwenye akaunti ya matumizi ya kila siku benki hailipii kitu, au inalipia kidogo sana, kisha inaikopesha kwa riba kubwa. Wewe ni mtaji wa bei nafuu. Bonasi ni bei ya kukununua wewe na mshahara wako.

NNE: HOJA ZA WANAOHALALISHA

Uadilifu ni kusema na upande wa pili. Wapo wanazuoni wa zama hizi, tena watu wa elimu, wanaosema bonasi hii inafaa. Hoja yao ni kwamba pesa haitolewi kwa ajili ya kiasi ulichoweka. Aliyeweka 1,500 na aliyeweka 15,000 wote wanapata sawa. Pia unaruhusiwa kuzitoa kesho yake. Kwa hiyo, wanasema, hiyo ni gharama ya matangazo ya benki, au ni malipo ya kazi ya kuhama, kama mtu anayesema, "Atakayeniletea ngamia wangu aliyepotea nitampa kiasi kadhaa."

Ni hoja ya kuheshimiwa, na anayemfuata mwanazuoni wake kwa ikhlasi mimi simwiti mla riba. Lakini mimi sijatulizwa nayo, kwa sababu mbili.

Kwanza, sharti la kuingiza pesa lipo. Laiti benki ingetoa kwa kila anayejaza fomu, hata akaunti ikae na sifuri, ningesema hoja hiyo ina nguvu. Lakini wamesema ingiza 1,500. Hata zikikaa siku moja ni mkopo wa siku moja, na bila huo hupati kitu. Kukaa muda mfupi hakubadilishi jina la jambo.

Pili, taasisi ya AAOIFI ya Bahrain, inayoandika viwango vya sheria kwa benki za Kiislamu, katika kiwango chake cha 19 kinachohusu mkopo, imezikataza hata benki za Kiislamu kuwapa wenye akaunti hizi zawadi au motisha ya pesa kwa sababu ya akaunti hizo tu. Ikiwa benki ya Kiislamu imezuiwa, hii inayokopesha kwa riba asubuhi na jioni tutaipa ruhusa gani?

Kwa hiyo rai yangu ni hii: bonasi iliyofungamanishwa na sharti la kuingiza pesa, usiitafute. Ile isiyo na sharti hilo imo katika yale mambo yenye utata ambayo Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Nu'man bin Bashir (r.a.), alifundisha kwamba mwenye kuyaepuka ameisalimisha dini yake na heshima yake. Pauni 175 si kitu cha kumfanya Muislamu aende kuchunga mifugo yake ukingoni mwa shamba la mwenyewe.

TANO: UONGO UNAOINGIA NJIANI

Hapa sasa sizungumzi na waliochukua rai yangu tu. Nazungumza hata na wale waliochukua rai ya kuhalalisha, kwa sababu hapa hatuna khitilafu.

Nimeelezwa namna watu wanavyotimiza masharti. Mtu hana mshahara wa pauni 1,500, basi anazungusha 500 zilezile: zinaingia, zinatoka, zinaingia tena, mpaka hesabu itimie. Mtu hana bili mbili, anatunga makato ya pauni moja moja kisha anayafuta siku bonasi ikiingia. Kama masharti yameruhusu hayo waziwazi, basi hajadanganya. Lakini kama fomu imekuuliza, "Hii ndiyo akaunti utakayopokelea mshahara?" nawe ukajibu ndiyo huku ukijua utaondoka baada ya wiki sita, huo ni uongo, umeuandika kwa mkono wako na kuutia sahihi. Suratul Maida inafunguka kwa amri ya kutimiza mikataba, wala haikubagua mkataba na Muislamu au asiyekuwa Muislamu.

Baya zaidi ni lile la kufungua akaunti kwa jina la mama mzee asiyejua kusoma Kiingereza, au la mke, au la mdogo wako aliyefika juzi, ukabaki na kadi na namba ya siri wewe. Unamchukulia bonasi, na madeni na ada zikija zinakuja kwa jina lake. Huku ni kughushi na ni dhulma. Na wewe kijana usikubali mtu yeyote aitumie akaunti yako, hata akikuahidi nini. Pesa chafu zikipita humo, polisi watamtafuta mwenye jina.

Watu wa nchi ile wakiona mwanamke mwenye hijabu au mwanamume mwenye ndevu anasema uongo benki, hawasemi fulani kadanganya. Wanasema Waislamu ndivyo walivyo.

SITA: CHAMBO NA NDOANA

Mvuvi hatoi chambo kwa mapenzi ya samaki. Waulizeni waliohama mara nyingi, watawaambia akaunti mpya huja na nini. Huja na ovadrafti, yaani ruhusa ya kutoa zaidi ya ulichonacho, na riba yake Uingereza ni kubwa sana. Mtu hakuiomba, ameikuta imewashwa, mwezi ukiwa mgumu akaingia. Huja na akaunti ya akiba yenye riba nono ya mwaka wa kwanza, kwa ajili ya wateja wapya tu. Huja na barua za mikopo na kadi za mkopo. Na kila ombi la akaunti linaweza kuacha alama kwenye kumbukumbu zako za mikopo, ambazo watu huzitazama ukienda kupanga nyumba au kununua gari kwa makubaliano ya kulipa kidogo kidogo.

Ukihama, iwe kwa sababu yoyote, jambo la kwanza uwaambie waifunge ovadrafti, na uikatae akiba yenye riba.

SABA: NA PESA ZA KURUDISHIWA BAADA YA MANUNUZI?

Hili wengi wanalichanganya na lile la kwanza. Ni jambo jingine, nalo lina sehemu tatu.

1. Kadi inayokata kwenye akaunti yako mwenyewe. Unaponunua, muuza duka analipa ada ndogo kwa ajili ya malipo hayo, na benki yako inapata sehemu. Ikikurudishia kidogo katika hicho, wanazuoni wengi wameona ni kama punguzo la bei, maana umepewa kwa kununua, hukupewa kwa kukopesha. Mfano wake ni pointi za Bonga kule Kenya, unazopata kwa kutumia simu yako. Hili halina tatizo, kwa sharti kwamba ulichonunua ni halali, na hukushartiwa kuacha salio la kiasi fulani ndani ya akaunti. Wakisema utarudishiwa tu ukiacha kiasi kadhaa kila mwezi, tumerudi kwenye mkopo wenye manufaa. Na kama unalipa ada ya kila mwezi kwa ajili ya kupata marejesho hayo tu, bila huduma nyingine, hapo umetoa pesa ili upate pesa usizojua kiasi chake. Liache.

2. Kadi ya mkopo. Humo unatumia pesa ya benki, na mkataba unasema ukichelewa utalipa riba. Watu wanasema, "Mimi nalipa yote kabla ya mwezi kwisha, silipi riba hata senti, nachukua marejesho tu." Baraza lile la Fiqhi lilikaa tena Riyadh mwaka 2000, likapitisha kwamba haijuzu kuchukua kadi isiyo na pesa nyuma yake ikiwa imeshartiwa riba, hata kama mchukuaji amenuia kulipa ndani ya muda wa msamaha. Wapo waliolegeza kwa mwenye haja ya kweli. Lakini kukusanya marejesho si haja. Kujitia katika mkataba wa riba ili upate pauni tatu kwa mwezi ni biashara mbovu.

3. Tovuti zinazokurudishia sehemu ya bei ukinunua kupitia kwao. Hawa ni madalali: duka linawalipa kwa kumleta mteja, nao wanakugawia. Asili yake ni halali ikiwa bidhaa ni halali. Lakini ukipitia humo kuchukua mkopo wa riba ili upate zawadi, umechukua haramu mbili kwa mkono mmoja.

NANE: NA SISI TULIOKO HUKU

Msidhani darasa hili ni la watu wa Uingereza tu. Hapa Tanzania, mwaka 2014, Tigo walianza kuwagawia wateja wa Tigo Pesa mapato yanayotokana na pesa za wateja zilizowekwa kwenye mabenki, na jambo hilo likaenea kwenye mitandao mingine. Watu wakafurahi: gawio, gawio! Wachache sana waliuliza gawio la nini. Pesa zetu zilizo kwenye simu huwekwa benki, benki inazilipia riba, na riba hiyo ndiyo inayogawiwa. Kuitwa gawio hakukuibadilisha. Kipimo ni kilekile: ninapewa kwa ajili ya nini? Napewa kwa kununua, kwa kazi, kwa ushirika wa faida na hasara, au kwa sababu tu pesa yangu ilikaa mahali?

TISA: ALIYEKWISHA KUPOKEA AFANYE NINI?

Swali hili limenijia kwa uzito wake. Ndugu mmoja wa huko aliona hapa Tanga tunachangishana kwa ajili ya paa la msikiti wetu, akaniandikia kwamba bonasi zake tatu za mwaka huu zote anazileta kwa ajili ya paa. Zaidi ya pauni 500, jamaa. Wanaojua bei ya mabati watajua ni kiasi gani kwetu, na mvua za masika zilikuwa zinabisha hodi. Baadhi ya wazee wa kamati walisema tupokee tu, pesa haina jina.

Nilimjibu hivi, na ndivyo ninavyomjibu kila mwenye hali kama yake.

Aliyechukua kwa kutojua, au kwa kumfuata mwanazuoni aliyeruhusu, hana haja ya kukata tamaa. Aya ileile ya 275 imebainisha kwamba aliyefikiwa na mawaidha akaacha, yaliyopita ni yake, na jambo lake liko kwa Mola wake. Wapo wanazuoni wanaoielewa hivyo hata kwa pesa iliyokwisha kutumika. Lakini ile iliyomo mkononi bado, na moyo wako umejua chanzo chake, itoe. Usiirudishe benki ikawa nguvu kwao. Wape mafukara, au iweke kwenye manufaa ya watu wote kama mtaro, choo au barabara. Unapoitoa, nia yako iwe ni kujisafisha, usitarajie thawabu za sadaka, kwa kuwa Allah ni mwema na hapokei ila kilicho chema. Thawabu yako ni ile ya toba. Usilipie zaka yako kwa pesa hiyo, usilipie kodi yako, wala usimtumie mama Ramadhani ukasema ni zawadi kutoka jasho lako.

Kuhusu paa, wanazuoni wamekhitilafiana kama pesa ya namna hii iingie katika jengo la msikiti, nami nimechagua upande wa tahadhari. Tulikubaliana iende kwenye mtaro na vyoo vya nje vinavyotumiwa na soko zima, na kamati ikaandika kwenye daftari ni pesa gani. Paa tuliendelea nalo kwa michango ya watu, bati kwa bati. Lilichelewa, na swala kadhaa tulizisali huku tumesogeza mikeka kukwepa matone. Alhamdulillah. Kuswali chini ya tone la mvua ni kwepesi kuliko kuswali chini ya bati usiloweza kumweleza Mola wako lilikotoka.

KUMI: NASAHA ZANGU KWA UFUPI

Ndugu yangu uliyeko ughaibuni, shika haya:

1. Ukitaka kuhama benki, hama kwa sababu ya huduma au kwa ajili ya kuikimbia riba. Uliza kama panapatikana akaunti ya Kiislamu au akaunti isiyo na riba.

2. Bonasi yenye sharti la kuingiza pesa usiifuate. Ikija bila wewe kuikusudia, itoe kama nilivyoeleza.

3. Usiseme uongo kwenye fomu, wala usitumie jina la mtu mwingine.

4. Funga ovadrafti, kataa akiba ya riba, kataa kadi ya mkopo.

5. Marejesho ya manunuzi kwenye kadi yako mwenyewe, kwa vitu halali na bila sharti la salio, hayana neno in shaa Allah.

6. Usigombane na ndugu yako aliyefuata rai nyingine. Mueleze kwa upole kisha muache na mwanazuoni wake.

Najua wapo watakaosema, "Shekhe, wewe uko Tanga, hujui maisha ya huku yalivyo ghali. Kodi ya nyumba, gesi, watoto, na nyumbani wote wanakutazama wewe." Kweli, na sisi wa huku tuna sehemu katika hilo. Kila siku tunawatumia ujumbe wa ada ya shule, msiba, harusi, na hatuulizi wanazipataje. Hapo nawageukia nyinyi wa nyumbani: mkimbebesha kijana mzigo asioweza, mnamsukuma kwenye milango hii kisha mnaomba Allah ambariki. Mwambieni, "Mwanangu, tuma cha halali, hata kikiwa kidogo kitatutosha." Neno hilo moja kutoka kwa mama lina nguvu kuliko darsa zangu kumi.

Na wewe kijana, anayeacha kitu kwa ajili ya Allah, Allah humpa kilicho bora kuliko hicho. Huenda isiwe pauni 175. Huenda ikawa mtoto mwenye adabu, au usingizi wa utulivu, au dua isiyorudi patupu.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu yako. Wafungulie ndugu zetu walioko ughaibuni milango ya rizki njema, wahifadhi wao na vizazi vyao, na utuoneshe haki tuifuate na batili tuiepuke. Aamin.

Mwenye swali aandike hapo chini kwa adabu. Mwenye elimu zaidi anisahihishe kwa dalili, nitamshukuru. Na mwenye ndugu Uingereza amfikishie.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.